Sentimita Sita za Mshono

Wateja walimwita Kifungo, na hawakumwonea. Ukimpelekea kitambaa cha suruali Jumatatu akakuahidi Ijumaa, Ijumaa hiyo utamkuta mlangoni anakuchekea kama ndugu yako aliyerudi safari. "Kimebaki kifungo tu," atakwambia. Ukirudi wiki inayofuata, kifungo bado kimebaki. Wapo mabwana harusi waliooa kwa suti za kuazima huku zao zikisubiri kifungo. Alikuwa fundi cherehani hodari, hilo lisemwe bila kinyongo. Nguo yake ukiipata, umevaa. Kazi ilikuwa kuipata.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Watoto mia nne, sahani mia nne, saa sita na nusu, kila siku iendayo kwa Mungu. Chakula chake hakijawahi kuchelewa hata kwa muda wa mtu kupiga chafya. Aliyewakutanisha wawili hawa alikuwa na utani wake.

Kwa miaka kumi na tisa waliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la kushonea, na jiko lao lilikuwa kwenye ujia wa kutoka dukani kwenda chumbani. Duka nalo halikuwa na mahali pa kujaribia nguo, kwa hiyo mteja aliyetaka kujaribu suruali aliingizwa jikoni. Mama wa watu anakoroga mchuzi, nyuma yake limesimama jibaba zima, suruali magotini, linauliza kama kitunguu hakijaanza kuungua. Wapo walioonja. Yupo mmoja aliyeomba sahani.

Mwaka huu wakapata fleti yao wenyewe, ghorofa ya tatu, sebule na vyumba viwili vya kulala. Waliojenga jengo walikuwa wamemaliza kila kitu isipokuwa jiko, ambalo waliliacha uchi: kuta, dirisha, bomba linalochungulia ukutani, na tundu la mlango lisilo na mlango. Mkewe akasimama katikati, akazunguka mara moja, akatazama tundu lile kwa muda mrefu.

"Baba watoto," akasema, "nataka makabati ya vyombo na nataka mlango unaofungwa. Mengine panga upendavyo. Shule inafunga Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia leo. Jumamosi yake, saa mbili asubuhi, nakuja na mizigo. Nikikuta jiko, nashusha. Nikikuta maneno, dereva ananipeleka kwa mama."

"Kwa mama mpaka lini?"

"Mpaka maneno yaishe."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na hapo ndipo Kifungo alipoogopa. Alimpenda mkewe, alimpenda hasa, na usiku akiamka bila kumsikia akipumua alikuwa na desturi ya kuwasha taa. Tena alijua kwamba mwanamke huyu hajui kutishia. Akisema saa mbili, ni saa mbili.

Kuna watu ambao ushauri wao huombwa. Shemeji, kaka mkubwa wa mkewe, hakuwa mmoja wao, kwa hiyo alikuja mwenyewe. Alikuwa msoma mita za maji. Kwa miaka ishirini alikuwa akiingia majumbani mwa watu, anainama, anasoma namba, anatoka, na katika kuinama huko aliamini amejifunza ujenzi wote. Aliingia jikoni, akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza. "Ukuta huu," akasema, kisha akanyamaza, maana hakuwa na la kuongeza.

"Shemeji, nimepata seremala," Kifungo akamwambia. "Kesho anakuja kupima."

"Nani apime?" Shemeji alimtazama kama aliyesikia kwamba mwizi amekabidhiwa ufunguo. "Sikiliza nikwambie. Seremala akipima yeye, hapimi ukuta wako. Anapimia mbao zilizomlalia karakanani. Pima mwenyewe, mpe namba, funga mdomo. Na akikuuliza swali usimjibu. Fundi akishajua kwamba hujui, amekumaliza."

"Na kosa likitokea?"

"Kosa ni la fundi. Siku zote. Hata likiwa lako."

Kifungo alitaka kusema kwamba yeye mwenyewe ni fundi, lakini Shemeji alikwisha kuinama chini ya bomba kutafuta mita.

Jioni ile ile Kifungo akapanda ghorofani, utepe wa kupimia shingoni na kadi ya wateja mkononi. Juu ya kadi, penye jina la mteja, akaandika Jiko. Chini kadi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa: mabega, kifua, kiuno, urefu. Akaona mabega yanaweza kuwa upana. Akaunyoosha utepe kwenye ukuta wa dirishani kutoka kona hadi kona, akauambia ukuta usimame wima, akasoma: mita mbili na sentimita arobaini. Akaandika mita mbili na sentimita arobaini na sita.

Hakukosea kusoma. Fundi cherehani yeyote angefanya vivyo hivyo bila kufikiri, maana kipimo cha mwili si kipimo cha nguo. Unaongeza sentimita mbili na nusu huku, mbili na nusu kule, hizo ni za mshono; halafu moja ya kupumulia. Nguo ikizidi, hupunguzwa. Ikipungua, mwenye nguo ndiye anayetakiwa apungue. Kwa miaka thelathini mkono wa Kifungo ulikuwa ukiongeza sita hizo wenyewe, kama mkono wa mtu unavyofukuza nzi. Akapima tundu la mlango, sabini na sita, akaandika themanini na mbili. Akateremka ngazi anapiga mluzi.

Seremala alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Fundi," Kifungo akamsalimu.

"Fundi," seremala akaitika. Akaipokea kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mabega mita mbili na arobaini na sita. Huyu mteja wako anakula nini?"

"Ni ukuta wa jikoni. Upana."

"Aa. Na hizi ndizo namba za ukuta wenyewe? Maana nikija kupima ni dakika kumi tu, hapa na pale."

Hilo lilikuwa swali, na Shemeji alikwisha kuonya kuhusu maswali. Kifungo akakaza uso. "Namba ni kamili. Wewe kata."

Seremala akainua mabega, akaikaza penseli sikioni, na akaahidi kuleta kazi Jumatano ya wiki ya pili.

Jumatano Kifungo aliambiwa gundi haijakauka. Ijumaa, umeme ulikatika. Jumatatu ya wiki ya tatu seremala alikuwa amefiwa na shangazi. Mtu mwingine angempa pole, lakini Kifungo alisimama mlangoni mwa karakana akiipima pole hiyo ulimini. Yeye mwenyewe, katika kazi yake, alikwisha kuzika mashangazi watano, na hakuwahi kuwa na shangazi hata mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa Kifungo siku ile ulikuwa mchungu kama shubiri.

Jumanne akafuata ushauri mwingine wa Shemeji: akaenda bila taarifa. Alipotokeza tu, seremala akadaka ubao uliokuwa karibu, akaulaza mezani, akaanza kuupiga randa kwa bidii ya kutoa jasho.

"Karibu fundi. Umenikuta ndiyo nahangaika na kabati lako hapa."

Kifungo alihisi nywele zikimsimama. Huu ulikuwa ujanja wake. Mteja wa suruali ya buluu akionekana ng'ambo ya barabara, yeye huchomoa kitambaa chochote cha buluu, akakiweka chini ya sindano na kusema: "Si hii hapa, baba, ndiyo niko nayo." Alikuwa ameufanya mara elfu, na hakujua kwamba ukiwa upande wa pili unaonekana wazi namna hii. Akausogelea ubao. Ulikuwa wa kichwani mwa kitanda, umechongwa maua.

"Kabati langu lina maua?"

Seremala akayatazama maua kwa utulivu. "Maua nayatoa."

Kifungo alikasirika, akaona aibu, na katikati ya hasira na aibu akajikuta anamvulia kofia. Jibu zuri kama hilo hakuwahi kulipata yeye. Lakini siku zilikuwa zimebaki nne, na roho ilikuwa juu juu. "Fundi mwenzangu," akasema, "mke wangu anakuja Jumamosi saa mbili. Asipokuta makabati na mlango, anakwenda kwa mama yake. Sikudanganyi. Na hiyo saa mbili si ya kwetu mimi na wewe. Ni saa mbili ya saa."

Seremala akaacha randa. Huenda naye alikuwa na mke. "Ijumaa asubuhi," akasema.

Na Ijumaa asubuhi, wala si ajabu ndogo, mzigo ukafika. Seremala na kijana wake wakapandisha makabati matatu ya chini, yaliyotakiwa kupangwa ubavu kwa ubavu chini ya dirisha, na mlango mpya umefungwa gazeti. Yalikuwa mazuri. Kifungo alipitisha kiganja juu yake kama anavyopitisha juu ya kitambaa cha sufu. Shemeji, aliyekuja kusimamia, akagonga kila moja kwa kidole.

Kabati la kwanza likaingia kona ya kushoto. La pili likakaa kando yake. La tatu likakataa. Lilisimama nusu ndani nusu nje, kama mgeni aliyekuta sebule imejaa. Wakalisukuma kwa magoti. Wakalitoa, wakaanzia kulia. Sasa la kushoto ndilo likakataa. Wakajaribu mlango. Mlango ukafika kwenye fremu ukagonga huku na huku, ukabaki nje.

"Mbao zimevimba," Kifungo akasema. Lilimtoka lenyewe. "Ni unyevu huu."

Seremala alichomoa tepu yake ya chuma, akapima ukuta, akaandika namba kwa penseli pale pale ukutani. Akapima tundu la mlango, akaandika. Kisha akatoa mfukoni kadi ya Kifungo, akaishikilia kando ya namba zile ili kila mtu aone.

"Hapa sita," akasema. "Na hapa sita. Mbao zikivimba, fundi, hazivimbi kwa hesabu."

Ndipo Kifungo alipoelewa. Aliziona zile sita kama unavyomwona mtu unayemfahamu katikati ya kundi la watu. Mbili na nusu, mbili na nusu, na moja ya kupumulia. Alikuwa amelishonea jiko suruali.

Shemeji akamminya kiwiko. "Usikubali," akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya pili. Na Kifungo, Mungu amsamehe, hakukubali. Hakukataa pia. Alisimama akiutazama utepe wake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Seremala akasubiri kidogo, akaona hakuna neno linalokuja, akavua shati. Alilibeba kabati la tatu hadi kibarazani, akalifungua skrubu moja moja, akaanza kulikata. Alikata mchana kutwa. Kifungo alipewa msasa, akasugua mpaka vidole vikawaka. Kuhusu mlango, seremala alitikisa kichwa: ulikuwa wa plaiwudi, ndani mtupu, na fremu yake ya ndani ilikuwa nyembamba. "Nikitoa tatu huku na tatu huku, nimetoa mbavu zote. Utabaki ngozi. Lazima niunde mwingine, na mwingine ni Jumanne." Milango miwili midogo ya kabati lile la tatu nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Jumamosi alfajiri seremala alikwisha kurudi, ingawa hakuna aliyemwomba. Saa mbili kasoro robo makabati yote matatu yalikuwa yamesimama chini ya dirisha, mawili yamefungwa, la tatu liko wazi kama kinywa cha mtu anayeshangaa. Tundu la mlango lilikuwa vile vile lilivyokuwa siku ya kwanza.

"Usihangaike," Shemeji akamwambia Kifungo sebuleni. "Mwambie seremala amekuangusha. Yeye ni fundi, amezoea. Dada yangu ataamini, maana nani asiyewajua mafundi?"

Kifungo akafikiri kwamba kweli ataamini. Lilikuwa neno jepesi, limekatwa tayari, limepigwa pasi. Lilimkaa vizuri kabisa mdomoni.

Saa mbili kamili pikapu ikasimama chini. Kutoka dirishani Kifungo aliona magodoro, meza, na masufuria ya mkewe yamefungwa kamba yakiwaka jua. Akamsikia akimwambia dereva: "Usizime gari. Subiri kwanza." Kisha nyayo kwenye ngazi, hatua sawa sawa, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Alisalimia watu wote. Akaingia jikoni, ambako seremala alikuwa amepiga magoti anakaza bawaba ya mwisho, skrubu nne zimebanwa midomoni. Akafungua kabati, akalifunga. Akafungua la pili, akalifunga. Akalitazama la tatu. Halafu akageuka, akalitazama tundu.

"Mlango uko wapi?"

Kifungo akafungua mdomo, na humo ndani visingizio vya miaka thelathini vilikuwa vimepanga foleni. Shemeji akamtangulia.

"Mdogo wangu, ni hawa mafundi. Mumeo amehangaika usiku na mchana. Huyu bwana amepewa vipimo, amekwenda kukata anavyojua yeye. Hawa si watu."

Seremala hakutoa skrubu midomoni. Angeweza kuzitema akasema neno moja, na kadi ilikuwa bado mfukoni mwake. Alizungusha bisibisi tu, taratibu, na masikio yakamwiva. Kifungo aliyaona masikio yale. Yeye alikuwa amelaumiwa na wateja mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, lakini kila mara kwa haki; hakuwahi kujua mtu asiye na kosa anavyoonekana akiwa amepiga magoti. Kitu kikamchoma kifuani kuliko sindano yoyote iliyowahi kumchoma kidoleni.

"Si yeye," akasema.

"Shemeji," Shemeji akasema.

"Si yeye, mama watoto. Ni mimi. Nilimkataza asipime. Nikapima mwenyewe kwa utepe wa dukani, na kila nilipopima nikaongeza sita za mshono, kama suruali. Yeye amekata nilichoandika. Jana alipogundua sikusema kitu, akakata upya mchana kutwa na mimi nimenyamaza. Mlango haukuingia. Nimekosea."

Chini gari lilikuwa likinguruma.

"Sema tena," mkewe akasema.

"Nimekosea."

Mkewe akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo ya rangi. Kifungo alidhani anaona kizunguzungu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na hapo hapo midomo ilikuwa ikipigana na kicheko.

"Miaka kumi na tisa nipo nyuma ya ule ukuta," akasema. "Nimesikia umeme ukikatika na taa inawaka juu ya kichwa changu. Nimekusikia ukizika shangazi, nami nakoroga mchuzi na najua huna shangazi. Nilikuwa najiuliza, huyu mtu siku akiwa na jambo na mimi, nitajuaje lipi la kweli? Nimekuja leo nikijua nakwenda kwa mama. Ameshanitandikia kitanda." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mshono. Ukutani."

"Na moja ya kupumulia," Kifungo akasema, maana akishaanza ukweli hakujua pa kuukatia.

Hapo mkewe akacheka, akacheka mpaka ndoo ikayumba. Alipopata pumzi, akainuka, akaenda dirishani, akamwambia dereva azime gari na ashushe, aanze na masufuria.

"Lakini mlango bado nautaka," mkewe akasema.

Seremala akatoa skrubu midomoni, moja moja. "Jumanne, mama. Na vipimo nimechukua mimi."

"Na mpaka Jumanne?"

Seremala akakuna kichwa. Mkewe akamtazama mumewe kuanzia juu hadi chini, kisha bega hadi bega, akalitazama tundu, akamtazama tena.

"Baba watoto, leta kiti."

Kifungo akaleta kiti, akakiweka pale ulipotakiwa mlango, akakaa, uso sebuleni na mgongo jikoni. Seremala alimtazama kwa jicho la kazi, akamwambia anyooshe bega la kushoto kidogo, akaridhika, akakusanya vyombo vyake sebuleni, akaondoka. Dereva alipanda na kushuka, na kila sufuria ilipitishwa juu ya kichwa cha Kifungo kama mzigo unaopita dirishani.

Mizigo ilipokwisha, Shemeji akaja. Alikuwa amepata wazo kuhusu mahali bora pa kuweka jiko la gesi, akataka kupita akamwonyeshe dada yake.

"Sogea kidogo, shemeji."

"Siwezi."

"Nusu dakika tu."

"Pamefungwa," Kifungo akasema.

Shemeji alinyoosha shingo, akakutana na bega. Akajaribu upande wa pili, akakutana na bega lingine. Mwishowe akaenda kukaa juu ya godoro, akaanza kugonga sakafu kwa kidole.

Kifungo alibaki pale pale. Nyuma yake aliusikia mlango wa kabati ukifunguka na kufungwa, maji yakifunguliwa bombani, mfuniko ukipata sufuria yake. Mkewe alikuwa akipanga vyombo vyake peke yake, siku ya kwanza katika miaka kumi na tisa bila mwanamume wa kumtazama, na Kifungo hakugeuka.